Mstari wa Nne wa Fomu ya Saleh

Fomu ya msaada wa tiba ilikuwa na mistari ishirini na mmoja, na mstari wa nne uliuliza lugha inayosemwa nyumbani. Kwenye fomu ya mtoto Saleh wa Ibra niliandika "Kiarabu", kwa kalamu ya wino na hati nzuri ya skuli. Ulikuwa uongo, na nilijua. Nyinyi vijana mnaoanza kazi mmeniomba nikuandikieni namna tulivyokuwa tukiligawa fungu dogo la serikali miaka ile ya themanini. Wastaafu wenzangu nawajua, watakuandikieni ushindi wao. Miye nakuandikieni uongo huu, kwa sababu ulitutia hasara kuliko mwizi yeyote, na kwa sababu mpaka leo unaniudhi.

Jina langu Salha. Nilizaliwa Unguja mjini, nikaja Oman, nchi ya mababu zetu, na mama yangu mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na vyeti vya skuli na Kiarabu cha chuoni tu, cha kusomea Kurani. Nilipopata ukarani katika ofisi ndogo ya msaada wa jamii pale Ibra, kila sentensi ya Kiarabu niliitengeneza kwanza kichwani, na watu wakacheka kabla sijaimaliza. Nusu ya ofisi tulikuwa hivyo hivyo, watu wa Unguja, wa Pemba, wa Tabora. Mkuu wetu, Mudiri Nasor, alikuwa mtu wa Sur, wa ukoo wa mabaharia, kanzu yake haina mkunjo hata mmoja. Alikuwa na sharti lake: ofisini Kiarabu tu. Ukisikiwa unasema Kiswahili, kesho yake uje na kilo ya tende za kunywea kahawa ofisi nzima. Mwaka mmoja tulikula tende mpaka tukazichoka, na nyingi zilikuwa zangu.

Kazi yangu ilikuwa mizania, ndiyo bajeti kwa watu wa bara. Kujua kilichoingia, kukigawa, kisha kukaa kwenye kiti na kuwaambia wazazi kwamba kimekwisha. Hilo la mwisho hakuna aliyenifundisha, na ndilo nililolifanya zaidi.

Basi akaja Khalfan, fundi wa mitambo ya umeme, kijana mwenye adabu aliyezaliwa Kigoma. Mwanawe Saleh alikuwa na miaka sita na hasemi. Alikuwa akizungusha kifuniko cha sufuria asubuhi mpaka adhuhuri, na kelele ikimzidi anajiuma kifundo cha mkono mpaka damu itoke. Leo mnasema usonji na kila mtu anakuelewa. Siku zile watu walisema kijicho, au jini, au kiziwi, na kila mmoja ana mganga wake wa kumpendekeza. Daktari mmoja tu ndiye aliyemwandikia Khalfan kipande cha karatasi kwamba mtoto apelekwe kituo kimoja Maskati, kuna bibi wa Kisudani anayefundisha watoto wa namna hiyo. Khalfan aliishika karatasi ile kwa mikono miwili.

Tulijaza fomu mlango umefungwa. Nilipofika mstari wa nne nikamnong'oneza, "Lugha ya nyumbani?"

Akautazama mlango. "Andika Kiarabu, dada."

"Mnakisema?"

"Mimi nakisema kazini. Dada, karatasi zetu za uraia bado ziko njiani. Wakiona Kiswahili si watasema, hawa nao Waarabu gani?"

Nikaandika. Mazungumzo yote hayo tuliyafanya kwa Kiswahili, na miye mkobani sina hata pesa ya tende.

Fungu likakubali vikao kumi na viwili, kimoja kila baada ya wiki mbili, pamoja na usafiri wa mtoto na mzazi mmoja. Baada ya kikao cha kumi na mbili ingekaa lajna, yaani kamati, kuangalia kama mtoto amefaidika. Akiwa hakufaidika, jina lake linafutwa na fungu linakwenda kwa mwengine. Na mwengine alikuwepo: msichana wa Al Mintirib aliyekuwa akingoja vyuma vya miguu. Baba yake alikuwa akija ofisini kila Jumamosi kuniuliza, kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko wale waliopiga meza.

Hapa nikuambieni kosa langu la kwanza, dogo, lakini mtalifanya na nyinyi. Niliona teksi inakula fedha, nikajiona hodari, nikamtia Saleh na baba yake kwenye gari ya ofisi iliyokuwa ikipeleka barua Maskati alfajiri. Nilijipongeza kwa kuokoa nauli. Ile gari ilinuka dizeli, na njia ya milimani ina kona ambazo hata dereva akizisomea Fatiha. Mtoto akafika ametapika, amejiuma, analia. Nusu ya kwanza ya kikao ikaenda katika kumwosha uso. Vikao vitatu vikapita hivyo kabla Khalfan hajaniambia, kwa haya zake zile, kwamba "Saleh huwa anachoka kidogo njiani". Kidogo! Nikarudisha teksi, nikaondoa posho ya chakula cha mchana na kumwambia Khalfan achukue mkate wa nyumbani. Msiokoe nauli kwa kuitupa tiba. Aliyepanga ratiba na apande gari hiyo mwenyewe mara moja, atapanga vizuri.

Ripoti za Ustadha Ihsan, yule mwalimu wa Kisudani, zikawa zinakuja kwa posta. Kikao cha nne: haitiki anapoambiwa akae. Cha sita: hafuati amri yoyote. Cha nane: huenda hasikii, apimwe masikio. Akapimwa, yako salama. Cha tisa: hakuna maendeleo. Mudiri Nasor aliisoma hiyo ya tisa akaisukuma mezani kwangu. "Ya Salha, vimebaki vitatu. Nenda ukawatayarishe watu wake, tusije tukawashtukiza."

Nikaenda. Siku hiyo nilikuwa nimemkasirikia kila mtu: Maskati kwa uchache wa fungu, Ihsan kwa ripoti zake za mistari miwili, na Khalfan kwa kusema "inshallah" kila nikimuuliza mtoto anaendeleaje. Nyumbani kwao Khalfan hakuwepo. Mkewe alikuwa chumbani na pacha wachanga, na barazani alikaa mama yake Khalfan, Bibi Zuhura, na ungo wa mchele mapajani. Saleh alikuwa amekaa pembeni yake, akitikisa vidole mbele ya macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe ndiye wa ofisini?"

Bibi alitoa kijiwe kwenye mchele akakinyoosha, hakumtazama mtoto, akasema taratibu, "Saleh. Weka." Na Saleh, yule asiyefuata amri yoyote, akakichukua kijiwe akakitia kwenye kikombe cha bati. Kikalia. Bibi akanyoosha cha pili. "Weka." Akaweka. "Ngoja." Akangoja, mkono uko hewani! Kisha bibi akasema, "Lete bakuli," naye akainuka, akaenda jikoni, akarudi na bakuli.

"Bibi, anasikia!"

"Kwani nani amekwambia hasikii?"

"Ripoti."

"Hiyo ripoti imekaa naye siku ngapi?" Akaendelea kuchambua. "Huko Maskati wanamsemesha vipi?"

Nikamwambia yale maneno ya Kiarabu niliyoyasoma kwenye karatasi za Ihsan, ya kaa, na lete, na weka.

"Mimi mwenyewe ukiniambia hivyo sikai," alisema Bibi Zuhura. "Hapa ndani nani anasema hayo? Khalfan akirudi kazini anayaacha mlangoni na viatu."

Nilikaa pale barazani nikahisi uso unaniwaka. Kumpa mtoto vijiwe akaviweka kikombeni ndicho hasa alichokuwa akikifanya Ihsan na vibao vyake vya rangi, kikao baada ya kikao, kwa lugha ambayo mtoto huyu hakupata kuisikia kwao. Vikao tisa. Na aliyemwambia Ihsan kwamba ndiyo lugha ya nyumbani ni miye, mstari wa nne, kwa hati nzuri. Khalfan huko Maskati alikuwa akiwekwa ukumbini mlango umefungwa, akidhani tiba ndivyo ilivyo. Nilitaka kumpigia kelele mtu, nikatazama huku na huku, sikumwona mwengine wa kupigiwa isipokuwa mimi.

Msiulize kama nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria, njia nzima. Lakini ili bibi aende Maskati badala ya baba ilikuwa lazima fomu ibadilishwe, na ili fomu ibadilishwe lazima sababu iandikwe. Kesho yake niliingia kwa Mudiri Nasor nikasimama.

"Mudiri, mstari wa nne wa fomu ya Saleh ni uongo. Nyumbani kwao wanasema Kiswahili, na mtoto hajui kingine. Niliyeandika ni mimi, na nilikuwa najua."

Alikuwa anakunywa kahawa. Akakiweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya tende, Mudiri."

Neno lilinitoka tu. Nilidhani atanifukuza siku ile ile. Alikizungusha kikombe kitupu, kisha akasema, kwa Kiarabu chake kile cha kukata, "Vikao tisa, ya Salha. Yule mtu wa Mintirib nitamwambia nini?" Akaniandikia barua ya onyo, ipo mpaka leo kwenye jalada langu, nikaistahiki. Lakini na fomu aliibadilisha. Bibi aende vikao vitatu vilivyobaki, na miye nifuatane naye kutafsiri, siku zangu za likizo, nauli yangu. Mwisho wake lajna imtazame mtoto kwa macho, si kwa ripoti. Pasipo na kitu, khalas, jina linafutwa, na wa kumwambia Khalfan ni mimi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Vikao vitatu haviwezi kumfundisha mtoto kama huyu. Lakini vinaweza kumfundisha bibi, na bibi yuko naye tokea alfajiri mpaka kulala, wala halipwi. Nilimwambia Ihsan hivyo kwa simu. Nilitegemea atanitukana kwa vikao tisa vyake, naye alinitukana kidogo, Kisudani, kwa heshima. Kisha akasema, "Mlete huyo bibi na mchele wake."

Kikao cha kumi Ihsan hakumgusa mtoto kabisa. Alikaa chini kwenye zulia akamtazama Bibi Zuhura akichambua mchele saa nzima, akiandika. Kikao cha kumi na moja ndicho tulichogombana. Ihsan alisema Saleh anajiuma kwa sababu hana njia nyengine ya kukataa, basi apewe njia. Tuchague neno moja tu, na neno lenyewe liwe "sitaki".

Nilipolitafsiri, Bibi Zuhura alinigeukia kama mimi ndiye niliyelitunga. "Sitaki? Mjukuu wangu afundishwe kuwaambia wakubwa sitaki? Kwa nini asifundishwe shikamoo?"

"Bibi, shikamoo haimzuii kujiuma."

"Neno la kwanza la mtoto liwe utovu wa adabu! Baba yake hajapata kuniambia sitaki mpaka leo, ana ndevu."

Ihsan akitaka kujua tunasema nini, miye nikitafsiri huku, nikitafsiri kule, na saa ya ukutani inakula kikao cha serikali. Nikachoka. Nikaushika mkono wa Saleh, nikaufunua, kovu juu ya kovu, nikamwonyesha bibi yake, ambaye aliujua kuliko mimi. Nikamuuliza, "Na hii ndiyo adabu?" Nilimsemea vibaya mtu mzima, na niliomba radhi baadaye. Bibi aliuvuta mkono ule akaufunika na kanga yake. Akasema, "Haya. Sitaki kwanza. Shikamoo nitamfundisha mwenyewe, bila Maskati."

Njia ilikuwa hivi. Saleh alichukia bamia. Bibi anamsogezea bamia karibu, na kabla mkono haujafika mdomoni anasema kwa niaba yake, "Sitaki," na bamia inaondoka hapo hapo. Hapo hapo, alisisitiza Ihsan, usibembeleze, usiseme "kidogo tu". Mara ishirini kwa siku, wiki hata wiki. Khalfan alinambia nyumba nzima sasa inachukia bamia. Kuondoa papo hapo ndiko kulikomshinda bibi, maana ana mkono wa kulisha. Nikawa napita jioni nikitoka kazini, nikikuta anambembeleza namkaripia, naye ananikaripia miye. Kikao cha kumi na mbili Ihsan aliwatazama, akasahihisha namna bibi anavyongoja, akaandika ripoti ndefu ya kwanza. Neno lenyewe Saleh alikuwa bado hajalisema. Alikuwa akisogeza midomo tu.

Lajna ilikaa ofisini kwetu: Mudiri Nasor na wageni wawili kutoka Maskati. Nilikuwa nimeomba waende wao nyumbani kwa mtoto, nikaambiwa lajna haiendi barazani kwa watu. Basi Saleh akaletwa kwenye chumba asichokijua, kiyoyozi kinanguruma, watu watatu wamekaa safu. Bibi Zuhura alikaa ameyashika magoti yake. Khalfan alisimama mlangoni na shati la kazi. Kila nilichokipanga kilikuwa kimeharibika kabla ya kuanza.

Mgeni mmoja, mzee mpole, naye ndiye aliyekuwa hatari, akamnyooshea kikombe cha kahawa akimsemesha kwa Kiarabu na kutabasamu. Saleh akarudi nyuma. Mgeni akakisogeza zaidi. Mkono wa mtoto ukapanda, ukafika mdomoni, nikayaona meno. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, na msichana wa Mintirib apate vyuma vyake, angalau mmoja apate.

Mkono ukasimama hapo. Kisha ukashuka kidogo.

"Sitaki," alisema Saleh.

Sauti ilikuwa ndogo na kavu, lakini chumba kizima kiliisikia. Kikombe kikabaki hewani. "Amesema nini?" aliuliza mgeni, bado kakinyoosha. Khalfan alitazama sakafu. Nilifungua mdomo nitafsiri, nikatanguliwa.

Mudiri Nasor alikuwa ameinuka kwenye kiti chake. Alikiondoa kikombe mkononi mwa mgeni, akakiweka mbali, akachutama mbele ya mtoto na kanzu yake ile. "Hutaki?" alimwambia. "Basi, mwanangu. Kishaondoka. Nani atakulazimisha?"

Kiswahili cha Unguja. Kiswahili safi, cha mtu aliyekulia vichochoro vile vile nilivyokulia mimi, kizuri kuliko changu. Miaka yote ile! Kisha akasimama, akawageukia wageni, akasema kwa Kiarabu, "Amekataa. Na amekataa kwa maneno." Akatia saini yeye wa mwanzo.

Tukapewa vikao kumi na viwili vyengine, na kwenye fomu mpya mstari wa nne niliandika Kiswahili. Msichana wa Mintirib alingoja vyuma vyake mpaka fungu la mwaka uliofuata. Lau vile vikao tisa havikupotea, pengine asingengoja. Baba yake aliendelea kuja kila Jumamosi, na niliona ni haki yake nimweleze, nikamweleza. Alisema Mungu atujaalie, akaondoka, na hajapata kuninyanyulia sauti. Nalala nalo.

Kesho yake baada ya lajna Mudiri Nasor alifika kazini mapema kuliko sote. Tulipoingia tulikuta mezani penye kahawa kuna kilo ya tende, na yeye amefunga mlango wake. Tulikunywa kahawa tukasemezana Kiswahili kwa sauti, na sharti lile halikutajwa tena.

Saleh sasa ni mtu mzima, anafunga tende kwenye vifurushi kwa binamu yake, na shikamoo anayo, bibi yake alihakikisha kabla hajafariki. Nilikuwa nimeazimia kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita mjukuu wangu, anayefanya kazi kama yangu, alikuja nyumbani na komputa yake. Alikuwa akimwandikisha mtoto wa Kibalushi, watu wenye lugha yao, hasemi, anajigonga kichwa. Fomu siku hizi iko ndani ya mashine, na penye lugha ya nyumbani pana machaguo mawili tu, Kiarabu na Kiingereza. Ukiandika kitu chengine inakataa kwenda ukurasa wa pili.

"Bibi, wewe una uzoefu," aliniambia, akanisogezea ile mashine. "Hebu bonyeza hapo Kiarabu, tumalize, muda unakwenda."

Nikauondoa mkono wangu.

"Sitaki," nikamwambia. "Vaa viatu, twende kwao."